Picha ya Bibi Isiyo na Macho

Wiki iliyopita nilifungua kopo la redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu ambayo mafundi hupaka mageti kabla ya rangi yenyewe, na harufu yake ikaniletea Bibi palepale. Sijui ninyi wenzangu wa rika langu mnakumbushwa na nini. Wengi husema harufu ya mvua ya kwanza, au ya maandazi asubuhi, na wana bahati yao. Bibi yangu mimi huja na harufu ya rangi ya geti iliyoyeyushwa kwa tina, pamoja na ile kahawa kavu aliyokuwa akiitafuna kutwa nzima. Nilikaa chini na brashi mkononi nikamkumbuka kwa muda mrefu, na mteja aliyekuja kuchukua picha yake ikabidi asubiri.

Watu huniuliza nimesomea wapi uchoraji. Huuliza kwa upole, kama mtu anayekusaidia usiaibike. Nawajibu kwamba nimesomea Nyakato, nyuma ya karakana ya baba, na sijawahi kuona sababu ya kuongeza neno. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha, na kila kazi iliacha mabaki ya rangi kwenye makopo: nyeusi, nyeupe, kijani, rangi ya fedha, rangi ya dhahabu kwa ajili ya zile ncha za juu kwenye mageti ya watu wanaojiweza, na redoksaidi, ambayo haikuisha kamwe. Hizo ndizo zilikuwa rangi zangu. Nilichora kwenye mabaki ya plaiwudi na kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba duniani kuna rangi za picha zinazouzwa kwenye tyubu ndogo kama za dawa ya meno, na mpaka leo sizipendi sana.

Walimu nilikuwa nao, ila hawakujua kwamba wananifundisha. Wa kwanza alikuwa bango la saluni iliyotazamana na karakana, lenye vichwa tisa vya wanawake vilivyopewa namba, kila kimoja na mtindo wake wa kusuka. Namba saba alikuwa ametazama pembeni, na kwake nilijifunza pua inakaaje mtu akigeuka. Wa pili alikuwa Njia ya Msalaba ya kanisani kwetu, picha kumi na nne ukutani, ambazo nilizisoma kila Jumapili wakati wa mahubiri mpaka mama akanifinya paja. Wa tatu yalikuwa mawe. Mtu aliyekulia Mwanza huyazoea mawe hadi asiyaone tena, lakini lile kubwa la nyuma ya nyumba yetu mimi nilikaa nalo. Asubuhi upande wake mmoja uling'aa na mwingine ukawa wa kijivu, jua likishuka upande wa ziwa vikabadilishana, na niligundua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba jiwe ni lilelile na kinachotembea ni mwanga. Niliposhika hilo nikaanza kuchora mashavu ya watu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona nawazidi walimu wote wa shuleni.

Ndipo Bibi akaja. Alikuwa mama mzazi wa baba, akiishi kwao Kagera kwenye migomba na mibuni yake, na Mwanza alikuja kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anatambua watu kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Tulikwenda kumpokea stendi ya Nyegezi, baba na mimi. Alishuka kwenye basi ameshikilia fimbo mkono mmoja na kikapu mkono mwingine, na kondakta nyuma yake amebebeshwa mkungu wa ndizi kwa amri. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye Koku? Mke mwenzangu, mbona unanuka kama bati jipya?"

Nilikuwa nimetoka kuchora na sikuwa nimejiosha tina vizuri. Baba akacheka, akamwambia, "Anachora huyu, Mama. Amenimalizia rangi zangu zote."

"Anachora nini?"

"Watu."

"Wanafanana?"

Baba akafikiri kidogo, maana ni mtu mkweli. "Wanafanana, Mama. Wengine mpaka unashtuka."

Nilimshika Bibi mkono kumwelekeza kwenye gari, na vidole vyake vikawa vinapapasa vyangu njia nzima, kama anayekagua ndizi kabla ya kununua.

Siku ya tatu, nilipotoka shule, aliniita. Mama alikuwa amekwenda shule kufundisha, baba yuko mbele anachomelea, na Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa lile jiwe, anatafuna kahawa yake. Akaniuliza kwanza kama tuko peke yetu. Nikamwambia ndiyo.

"Nataka unichore," akasema. "Unichoree picha ya kunizikia."

Mnajua utaratibu wetu. Jeneza haliendi kaburini peke yake. Mmoja hutangulia na msalaba, mwingine hufuata na picha ya marehemu kwenye fremu, na ile picha ndiyo watu wote wanaitazama, ndiyo watakayoizungumzia njiani wakirudi. Dada mkubwa wa Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuwa na picha yoyote. Vijana wakachukua kadi yake ya kupigia kura, wakaipeleka studio, ikakuzwa.

"Sikuiona mwenyewe, nilisimuliwa: macho yamemtoka, mdomo wazi, kanga imeanguka begani," Bibi akasema. Hata baada ya mwaka mzima hasira ilikuwa haijapoa. "Waitu, mwenzangu, dada yangu alikuwa mzuri, waulize watu wa kwetu. Halafu siku yake ya mwisho akatangulizwa na sura ya mwizi wa mikungu! Na mimi kadi yangu nilipigwa picha na kijana yuleyule, siku ileile, kiti kilekile."

"Kwani unaumwa, Bibi?"

"Naumwa macho. Kuna mtu anakufa kwa macho? Ila nikiwaachia kina baba yako kazi hii watakimbilia kadi. Wewe nichore sasa, nikiwa bado nakaa wima. Wakishanitoa hiki kitu machoni nitaiona kwa macho yangu. Nikiridhika, naondoka nayo."

Nilikubali kabla hajamaliza. Jamani, ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kuombwa! Nilimwomba baba kipande cha plaiwudi kisicho na tundu, nikakisugua kwa msasa mpaka kikawa laini, nikakipaka redoksaidi kama anavyopaka geti. Kesho yake, rangi ilipokauka na nikawa nimeketi mbele yake na kipande cha chaki, ndipo hofu ikanishika.

Miezi michache kabla, baba yake Pendo alikuwa amelazwa hospitali. Walikuwa majirani zetu wa ukuta mmoja, na Pendo alikuwa rafiki yangu. Tuliambiwa anaumwa na anaendelea vizuri. Jumamosi moja tukiwa tunacheza rede, baba mdogo wa Pendo akaja na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alipokifungua ilikuwa picha ya baba Pendo kwenye fremu ya kioo, amevaa tai, anatabasamu. Sisi tulifurahi. Tulidhani ni zawadi ya kumpokea akitoka hospitali. Mama yake Pendo akaiona akaanguka chini, na hazikupita saa mbili gari likaleta jeneza kwa ajili ya kumuaga kabla ya kumpeleka kwao Misungwi. Watu wazima walikuwa wanajua kwamba alifariki alfajiri. Sisi watoto hakuna aliyetuketisha kutuambia kitu. Nilichokiona mimi kwa macho yangu ni kwamba picha ilifika kwanza, jeneza likafuata.

Na kanisani vilevile. Kituo cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso na sura inabaki kwenye kitambaa. Kituo cha kumi na mbili, anakufa. Jumapili iliyofuata nilihesabu vituo vya katikati, vilikuwa vitano tu. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Picha ya mtu ikikamilika, mtu huyo anaondoka. Watu wazima wanalijua jambo hili na hawalisemi, kama wasivyosema watoto wanatoka wapi.

Ningeweza kukataa. Lakini Bibi alikuwa ameniamini, na mimi nilikuwa na kiburi, na kwa kweli nilitamani kumchora kuliko nilivyotamani kitu chochote. Basi nikatafuta njia. Nilikuwa najua tayari, kwa mikono yangu mwenyewe, kwamba picha isiyo na macho ni ubao na rangi. Unaweza kuweka pua, mdomo, nywele, hereni, bado ni ubao. Ukiweka macho, ghafla kuna mtu chumbani. Nikaamua kumchora Bibi wote, vizuri kuliko namba saba wa saluni, na macho nisiyaweke kabisa. Bibi mwenyewe hakuwa anaona. Nani angemwambia?

Presha ndiyo ilinisaidia. Kila walipompeleka hospitali daktari alimpima akasema presha iko juu, arudi baada ya wiki mbili. Ilitokea hivyo mara tatu. Kila akirudi bila kufanyiwa upasuaji, nyumba nzima ilihuzunika isipokuwa mimi. Nilikuwa namwombea presha, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki nyingi za kuchora uso mmoja, na wiki zile ndizo zilizonifanya niwe mchoraji. Nasema hivyo bila wasiwasi. Nilishindwa mara nyingi kuipata ngozi yake. Nyeusi iliyochanganywa na nyeupe ilimfanya awe kama saruji. Siku moja nikaikwangua rangi yote ya shavu kwa hasira, redoksaidi ya chini ikachungulia, na Bibi akawa hapo. Tangu hapo nikaanza na ile nyekundu, nikaiongezea nyeusi kidogokidogo, na pale mwanga ulipogonga kwenye mfupa wa shavu nikagusa dhahabu ya ncha za mageti, kiasi kinachokaa kwenye kucha. Mdomo ulinitesa kwa sababu haukutulia, alikuwa anatafuna kahawa mwanzo mpaka mwisho. Nilipomwomba atulie alinijibu kwamba akitulia watu hawatamjua. Alikuwa sahihi, nikachora mdomo uliovimba kidogo upande mmoja penye kahawa. Nikapaka kitenge chake mara nne. Nikaweka migomba nyuma, nikaifuta, nikaweka ziwa, nikalifuta nalo, nikarudisha migomba. Rangi ikawa nene mpaka ukipitisha kidole unaisikia.

Bibi aliipitishia vidole kweli. Kila siku kabla hatujaanza alinyoosha mkono, nikamsogezea ubao, akaupapasa kwa uangalifu asiharibu.

"Hapa pana nini?"

"Kilemba."

"Na hapa?"

"Pua, Bibi."

"Ndefu hivi? Haya. Na hapa?"

Kidole kilikuwa kimefika mahali palipo tambarare. "Bado hapo," nikasema.

"Kila siku bado. Una uvivu kama babu yako." Lakini alisema kwa furaha. Aliwasimulia wagonjwa wenzake huko hospitali kwamba ana mchoraji wake nyumbani.

Baba alilalamika kwamba geti la mteja limebaki miguu bila rangi, nikamwambia miguu haionekani. Mama ndiye aliyeona. Alisimama nyuma yangu jioni moja na daftari zake za kusahihisha kifuani.

"Mbona macho hujaweka?"

"Macho huwekwa mwisho, Mama."

"Nani kakwambia?"

"Wachoraji wote wanafanya hivyo."

Nilisema kwa uhakika kiasi kwamba mwalimu mzima akakubali akaondoka.

Mara ya nne presha ilikuwa imeshuka. Walimfanyia jicho la kulia kwanza, akalala hospitali, na kesho yake saa za mchana mama akarudi naye kwenye teksi. Bandeji ilikuwa imetolewa. Sijawahi kuona mtu ana furaha kama ile. Alisimama mlangoni akatazama sebule kama mtu aliyeingia ikulu.

"Kumbe nyumba yenyewe ina utando wa buibui hivi! Mama Koku, na ualimu wako wote?" Mama akacheka kwa aibu. Baba akatoka karakana anakimbia, na Bibi akamtazama kichwa. "Na huyu mzee ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Nywele umempa nani?"

Tulicheka wote, mimi nikicheka huku narudi nyuma kuelekea mlangoni, kwa sababu nilijua kinachokuja. Alinivuta, akanishika kidevu, akanitazama kwa lile jicho jipya mpaka nikaona aibu. Akasema, "Mzuri. Nilijua." Halafu akasema, "Haya. Lete picha yangu."

Nikasema haijakauka. Nilikuwa nimeificha karakana nyuma ya mabati. Baba, ambaye alidhani naona haya, akaenda mwenyewe kuichukua. Akaiweka juu ya kiti mbele ya mama yake, akarudi nyuma hatua moja, na ndipo naye akaitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa picha nzuri. Nasema leo nikiwa nimechora mamia. Kilemba, shavu, mdomo wenye kahawa, shingo yenye mikunjo, yote yalikuwa Bibi. Na katikati, chini ya nyusi, palikuwa na mabaka mawili mekundu ya redoksaidi, tambarare kama geti.

Bibi akaisogelea, akapitisha kidole kwenye mabaka yale. Kisha akauliza, taratibu, "Ndivyo mlivyokuwa mnaniona?"

Baba akageuka kunitazama.

"Kipofu," akasema. "Sawa. Mtoto huchora anachokiona." Akashika fimbo yake, ambayo hakuwa anaihitaji tena kwa kiasi kile, akaenda chumbani akafunga mlango.

Nilitaka ardhi inimeze. Baba hakunipiga, ingawa ningependelea. Aliniambia tu, "Mama yangu ameona leo kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Nenda kamwombe msamaha." Mama akawa ameshika mdomo.

Nilimkuta ameketi kitandani, mgongo umenielekea. Nikapiga magoti kwenye saruji. Nilikuwa nimepanga kusema nisamehe Bibi nilikuwa mvivu, kama alivyokuwa anasema mwenyewe, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nikaanza kulia, na kilichotoka kikawa kile cha kweli.

"Nikiweka macho utakufa."

Akageuka. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza. Nilimweleza baba Pendo, fremu na gazeti, jeneza baada ya saa mbili. Nikamweleza Veronika, na vile vituo vitano. Nilimweleza kwamba mtu huwa hayupo kwenye picha mpaka macho yawekwe, na kwamba kama nisingeweka yeye angebaki. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kahawa mdomoni ikawa imesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametulia.

"Kwa hiyo," akasema, "muda wote huu ulikuwa unanizuia nisife."

"Ndiyo, Bibi."

"Wewe peke yako?"

"Ndiyo."

"Ahsante," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Kila mtu niliyemsimulia kisa hiki tangu hapo amecheka, nami hucheka naye. Bibi hakucheka. Wala hakuniambia kwamba ni ujinga, kwamba picha haiui mtu, kwamba baba Pendo alikuwa amekwisha kufa. Aliniinua kutoka chini, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake, akaita kwa sauti kubwa, "Njooni hapa nyote wawili!"

Baba na mama wakaja haraka, nadhani walikuwa mlangoni.

"Sikieni vizuri nisije nikarudia. Picha hii aliyonichora Koku ni ya ukutani kwangu. Nitakaa niitazame. Siku yangu ikifika isitoke mlangoni. Isitangulie jeneza, isikanyage makaburini. Mnanielewa?"

"Tunaelewa, Mama," baba akasema. "Lakini siku hiyo tutabeba ipi?"

Nilimwona anaipandisha kanga yake begani kwanza. Alikuwa mwanamke anayejipenda, msisahau. Alikuwa amevumilia kukaa wiki zote zile kwenye kigoda kwa ajili ya jambo hilo moja.

"Mtakuza ile ya kadi," akasema.

"Ile ya—"

"Ile ile. Nendeni."

Tukabaki wawili. Akaniambia nikalete rangi.

Nilimwekea macho mchana ule, palepale chumbani, nuru ya dirisha ikimwangukia upande wa kulia. Nilipiga magoti karibu kuliko nilivyowahi kukaribia uso wa mtu mzima. Sikuwa nimewahi kuyatazama macho yake kweli, nilikuwa nayakwepa. Jicho moja lilikuwa bado na ukungu wake, la pili safi, jekundu kidogo kwa kidonda, na kuzunguka kahawia palikuwa na duara jembamba la kijivu kama jiwe letu likilowa. Duara lile nililipata kwa rangi ya fedha na nyeusi. Nilipoweka nukta ya mwisho, nukta nyeupe ndogo ya dirisha ndani ya jicho, niliinua kichwa haraka kumwangalia. Alikuwa amekaa vilevile, anatafuna.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Akachukua ubao, akaushika mbali, akausogeza karibu. "Nimezeeka," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Lakini mzuri." Halafu akaniagiza chai, na wakati wa kuileta niliimwaga nusu njiani kwa kukimbia, nikihakikisha bado yupo.

Alirudi Kagera na picha yake imefungwa kwenye blanketi, akaitundika mahali ambapo kila mgeni aliiona kabla hajakaribishwa kiti. Aliishi miaka mingi. Nilikua, nikaacha kuamini mambo ya vituo vitano, nikaanza kuchora kwa kuombwa na watu, walio hai na waliofariki, na kila ninaowachora nawawekea macho mapema kabisa. Nilimwambia mara mbili kwamba nimekuwa mkubwa, kwamba siogopi tena, na kwamba naweza kumchorea nyingine ya siku ile. Mara zote mbili alinijibu kwamba ameshasema.

Alipofariki tulifika nyumbani kwake tukakuta wapwa zake wameshapanda kwenye kiti kuitoa picha ukutani. Ilikuwa jambo la wazi kwao. Ni nani ana picha kama ile? Baba akawaambia waiache. Akatoa kwenye begi fremu aliyokuja nayo, na watu wakasogea kuangalia. Macho yamemtoka, mdomo wazi, kanga imeanguka begani. Shangazi mmoja akanishika mkono akaninong'oneza, "Koku, mwanangu, na wewe mchoraji! Watu watasemaje?"

Na walisema. Niliwasikia nyuma yangu kwenye migomba, wanauliza familia gani hii, ina msanii, inamtanguliza mama yao na picha ya kadi. Wajukuu wa kiume walikuja mara mbili kutaka kunipokea ile fremu, wakidhani naona aibu kuibeba. Niliwakatalia. Niliishika kifuani kwa mikono yote miwili, uso wa Bibi umeelekea mbele ili kila mtu auone vizuri, nikatembea nyuma ya msalaba kichwa juu mpaka tukafika.